Config umefanya saa ngapi?

Leo Alhamisi na bado naisikia sauti ya mjomba. "Config umefanya saa ngapi?" Yani ile hatua ya kuandaa kerneli, moyo wa mfumo wa kompyuta, kabla ya kuijenga. Basi, hayo tu. Amekaa kwenye kile kiti cha plastiki cha dirishani, kikombe mkononi, miwani imeshuka puani, na mimi nikajibu harakaharaka bila hata kugeuka, "siku hizi inajifanya yenyewe mjomba." Akasema, "Aa. Inajifanya yenyewe." Akanyamaza. Chai akaiacha nusu, akaaga.

Sendofu ya mdogo wangu ilikuwa Jumamosi na watu walikula wakasaza, Jumatatu ofisi tumehamia ghorofa ya pili, yote hayo nimeyapita kama mtu aliye usingizini. Mimi niko kwenye ile "aa" tu.

Angekuwa mtu mwingine ningesahau kabla hajafika getini. Lakini mjomba mnamjua, nimeshamwandika humu mara ngapi, ndiye aliyeniwekea FreeBSD, mfumo endeshi ninaotumia mpaka leo, kwenye kompyuta yangu ya kwanza na ndiye aliyenifundisha kwamba usifute mstari ambao hujui unafanya nini. Mkate ninaokula leo umetoka mkononi mwake. Ndo maana imeniuma.

Ilikuwa hivi. Jumapili alipita kuaga arudi Tanga, akanikuta na ile mashine ya geti la mtandao wa ofisi, kompyuta ambayo intaneti yote inapita ndani yake, niliyowaambia naileta nyumbani kuipandisha toleo. Sosi mpya, yani msimbo wa mfumo, nlishaivuta kwa git, buildworld (kujenga mfumo wote usio kerneli) imepita usiku, imebaki kerneli. Faili langu la GETI, linalosema kerneli iwe na nini ndani, ni fupi sana, juu include GENERIC, yani mipangilio ya kawaida inayokuja na mfumo, chini yake ident GETI, halafu naongeza IPFIREWALL (faya-woli) na DUMMYNET (ya kubana kasi ya mtandao) ziwe ndani ya kerneli yenyewe zisipakiwe kama moduli, halafu nodevice kadhaa za kutoa draiva za sauti na waifai maana geti halina kazi nazo. Nikaandika make buildkernel KERNCONF=GETI, nikabonyeza enta, maandishi yakaanza kumwagika kwenye skrini, na hapohapo ndo akauliza.

Sasa enzi zake, nasema FreeBSD 4, ile iliyotoka mwaka 2000, kazi haikuwa ya komandi moja. Unaingia /usr/src/sys/i386/conf, unanakili GENERIC lote, unalipita mstari kwa mstari unafuta I386_CPU na I486_CPU kama huna mashine hizo, unafuta kadi za mtandao usizonazo, ukimaliza unaandika config GETI, inakutengenezea folda, unahamia ../../compile/GETI, make depend, make, make install. Na hukuwa na hiari. Alikuwa anaendesha seva za kampuni moja ya intaneti hapa Dar, wateja wengi nyuma ya anwani moja, na natd, programu ya kuwapitisha wote kwenye anwani hiyo moja, haikufanya kazi bila chaguo la IPDIVERT ndani ya kerneli, na GENERIC haikuja nayo, kwahiyo unajenga utake usitake. Wakati huo kila kitu kinapanda setilaiti, kebo ya Seacom ya chini ya bahari imefika 2009, yani sosi unaisasisha kwa CVSup usiku wateja wakiwa wamelala, na mtu akirudi safari na CD za FreeBSD za Walnut Creek unazitunza kama hati ya kiwanja.

Mtu aliyepita huko akikwambia "aa", unasikia nini? Mimi nlisikia: ninyi hamjengi, mnabonyeza.

Jumatatu kwenye daladala nikawa natunga majibu. Kwamba njia mpya inatumia kompaila na config zilizotoka kwenye sosi ileile, zimekaa /usr/obj baada ya buildworld, wakati njia ya zamani inatumia zilizoinstoliwa kwenye mashine, na ukiruka toleo, hizo za mashine na sosi mpya hazielewani. Kwamba kwa kuinclude GENERIC sihitaji kubeba faili la mistari mia tatu linalochakaa kila toleo. Kwamba hata ukitoka mashine ya aina moja kujengea aina nyingine inawezekana. Nikayapanga vizuri, nikayarudia mpaka nikapitiliza kituo. Yote ni kweli na hakuna hata moja aliloniuliza. Aliuliza saa ngapi.

Jumanne usiku sikulala vizuri, nikaamka nikatoa ile laptopu yenye bawaba iliyovunjika, ambayo sosi yake na mfumo wake ni toleo lilelile, nikasema ngoja nipite alikopita. Nikaingia amd64/conf, config GETI. Haikuchukua hata kupepesa jicho. Ikanijibu mistari miwili, kwamba folda ya kujengea ni ../compile/GETI, na kwamba nisisahau kufanya make cleandepend && make depend.

Nisisahau! Jamani miaka tisa natumia mfumo huu na hiyo sentensi sijawahi kuiona kwa macho yangu, mjomba kaisoma mamia ya usiku. Kuna mtu alikaa akafikiria kwamba mwenzake atakuwa amechoka, akamwandikia usisahau. Sijui kwa nini ilinigusa vile, nilikaa naiangalia.

Nikaingia kwenye folda kabla sijaendelea, nikaanza kufungua mafaili moja moja. Kuna opt_ipfw.h, ndani mstari umeandikwa #define IPFIREWALL 1. Yani ule mstari wangu wa options IPFIREWALL, ambao nimeuandika kwenye mashine sijui ngapi, huku ndiko unakoenda, unageuka mstari wa C, na faili lolote la sosi linalohitaji kujua kama faya-woli ipo linakuja kuusoma hapa. Nlikuwa najua kwa kuambiwa. Usiku ule niliona. Nikafanya make depend, nikafanya make, nikaiacha inakoroma nikaenda kulala, alfajiri nikaikuta imemaliza. Nikainstoli, nikawasha upya, uname -i, inayotaja jina la kerneli, ikasema GETI. Nilifurahi kama siku ile ya kwanza.

Kabla ya kwenda kazini nikafungua logi ya Jumapili, maana huwa naitunza. Mstari wa kwanza unataja kerneli ya GETI imeanza kujengwa, tarehe na saa, saa kumi na dakika nne jioni. Chini yake tu, hatua ya 1, kusanidi kerneli. Ndiyo config hiyo. Ilikuwa mbele yetu wote wawili, imepita juu ya skrini wakati mimi nasema inajifanya yenyewe, na yeye miwani imeshuka puani hakuiwahi.

Nikampigia mchana.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu, mmelalaje huko?"

"Salama. Mjomba, config nimefanya saa kumi na dakika nne."

Kimya kidogo. Halafu, "Kumbe ndo hatua ya kwanza kabisa?" Nikasema ndiyo. "Na inatumia config ipi, ya kwenye mashine au ya kwenye sosi?" Nikasema ya kwenye sosi, inaijenga kwanza. Akavuta pumzi ndefu mpaka nikaisikia. "Afadhali," akasema, "afadhali sana."

Ndipo akanisimulia. Alipokuwa anatoka 4 kwenda 5, config ya zamani ilikataa sosi mpya, inamwambia toleo halilingani, na ilibidi aende /usr/src/usr.sbin/config aijenge hiyo kwanza aiinstoli ndio arudi, lakini usiku ule hakulielewa hilo mpaka saa nane. Akajenga, ikawaka, kadi ya mtandao haionekani. Akarekebisha faili, akajenga tena, akainstoli juu yake, na ile mbovu ndo ikawa kernel.old, yani nakala ya akiba. Nzima imefutika. Ya pili nayo haikuwaka, akabaki na mbovu mbili na asubuhi wateja wanapiga simu. Yeye akiuliza config umefanya saa ngapi, anauliza kama nimepita pale alipoangukia.

"Wewe ile nzima umeinakili pembeni?" Sikuwa nimeinakili. Geti tayari lilikuwa kwenye rafu jipya ghorofa ya pili, kerneli ya zamani bado ndo inayoendesha, nikaingia hapohapo simu iko begani nikaandika cp -Rp /boot/kernel /boot/kernel.nzima, akasikia vibonyezo akasema "ehee". Kisha nikafanya installkernel. Njia mpya bado ndiyo ntakayotumia kwenye geti, nayo nimeshaweza kumweleza hatua kwa hatua inapita wapi, na ameniomba nimtumie ile logi yote aisome Tanga kwa nafasi.

Mwisho nikaona nimuulize na lile la chai, maana nalo nlikuwa nimelihesabu. Akasita. "Ilikuwa na chumvi mwanangu. Sikutaka kumwambia dada, kapika kwa moyo."

Mama haweki chumvi kwenye chai. Jioni nimechota maji ya kisima nikayaonja bila kitu, na kweli, ni kidogo lakini ipo, wiki mbili zilizopita haikuwepo. Jirani wa kule bondeni alianza hivihivi, mwaka haukuisha akawa ananunua maji ya boza. Bado sijamwambia mama.