Kofia ya zirkonia iliyotoka mara mbili

Mzee alifungua leso mezani kwangu. "Daktari, imetoka tena." Ndani kulikuwa na kofia ya jino niliyomgandishia miezi miwili tu iliyopita, na hiyo ilikuwa mara ya pili.

Zirkonia, kauri ngumu sana ya meno, niliichagua kwa sababu. Mzee ni dereva wa lori, anasaga meno usingizini, na chego lake la chini lilivunjika likabaki kisiki kifupi. Disilikati ya lithiamu, kauri nyingine ya meno, naipenda sana kwa meno ya mbele, kwa jinsi inavyopitisha mwanga kama jino lenyewe, lakini uimara wake, yaani mkazo inaoustahimili kabla ya kuvunjika, ni takriban megapaskali 400. Zirkonia ya kawaida inafika 1,000. Na kweli, haikuwa na hata ufa.

Safari hii, kabla ya kuirudisha, niliigeuza chini ya taa. Ndani ilikuwa nyeupe, haina chembe ya gundi. Gundi yote ilikuwa imebaki kwenye kisiki. Kumbe jino lilishika, kauri ndiyo iliyokataa.

Nikarudia kichwani nilivyofanya. Niliijaribisha mdomoni, ikalowa mate, nikaisafisha kwa tindikali ya fosforiki. Hapo ndipo nilipokosea. Disilikati ina kioo ndani yake: tindikali ya haidrofloriki ya asilimia 5, kwa sekunde 20, inakila kioo hicho na kuacha vishimo vidogo ambamo gundi inang'ang'ania, kisha silani, dawa inayounganisha kioo na gundi, inamalizia kazi. Zirkonia haina kioo cha kuliwa. Yenyewe inashikwa na dawa ya MDP, ambayo fosfeti yake hujifunga kwenye uso wa kauri. Sasa mate nayo yana fosfeti, na tindikali ile ya fosforiki inaleta nyingine. MDP inapofika, inakuta nafasi zimeshajaa. Nilidhani naisafisha, kumbe naichafua zaidi.

"Mzee, kosa ni langu, si la jino lako," nilimwambia, na sikumtoza kitu.

Nikasafisha kisiki, nikajaribisha kofia kwanza, halafu nikaipuliza ndani kwa unga wa alumina wa mikroni 50, kwa presha ndogo, hadi mng'ao ukafifia. Nikapaka MDP bila kuigusa tena kwa kidole, pamba zikiwa zimezuia mate pande zote, nikagandisha.

Huu mwaka wa pili anatafunia upande huo. Na kwenye kabati langu, chupa ya tindikali ya fosforiki nimeihamishia rafu nyingine, mbali na zirkonia.