Barua ya kuwaumbua wasiopiga kura

Juzi nimebishana na shemeji yangu kuhusu kwa nini watu hawaendi kupiga kura, yeye anasema ni uvivu, mimi nasema watu wamechoka na wanasiasa, mpaka chai ikapoa na hakuna mwenye ushahidi. Ndo nikamsimulia ile kazi ya watafiti Alan Gerber, Donald Green na Christopher Larimer kule Michigan, Marekani, uchaguzi wa mchujo wa Agosti 2006.

Hawa jamaa hawakuzunguka wakiuliza watu "mbona huendi?", maana ukimuuliza mtu hivyo atakujibu unachotaka kusikia. Walichukua kaya kama 180,000 wakazigawa kwa bahati nasibu, nyingine zikaachwa tu bila kitu na nyingine zikatumiwa barua, aina nne tofauti. Ya kwanza ilikuwa mahubiri, oh kupiga kura ni wajibu wako. Lakini ya nne, weee! Imeorodhesha majina yenu nyumbani na ya majirani, nani alipiga kura 2004 na nani hakupiga, halafu inakwambia uchaguzi ukiisha inakuja orodha nyingine. (Kule rekodi ya kwamba ulipiga kura ni wazi kwa umma, uliyempigia ndo siri.) Wasiopata barua walijitokeza 29.7%, wa mahubiri 31.5%, wa majirani 37.8%. Karatasi moja tu ya posta!

Shem akasema huku kwetu barua kama hiyo ingeleta ngumi mtaani. Sikatai. Lakini Kenya nayo imejaribiwa, kwa meseji. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013 watafiti Benjamin Marx, Vincent Pons na Tavneet Suri walishirikiana na IEBC, ile tume ya uchaguzi ya Kenya, watu karibu milioni 2 wakatumiwa SMS za kuwahimiza. Wakajitokeza zaidi kidogo, sawa, ila walipokuja kuulizwa baadaye imani yao kwa IEBC ilikuwa chini kuliko ya wale ambao hawakutumiwa kitu. Mnakumbuka vile mashine za kutambua wapigakura zilizima siku ile na matokeo yakagoma kupitia kwenye mitambo? Ni kama umemwita mgeni kwa mbwembwe, anafika anakuta hata jiko halijawashwa, bora hukumwita.

Shem akaniambia ile meseji hata yeye aliipata, na foleni alipanga tangu alfajiri. Nikamuuliza, na 2022 je, ulienda?

Akaomba chai nyingine.