Rimu mpya za Unguja na mwendo wa Chalinze

Gari iliyobadilishwa rimu hapa Unguja inaweza kukaa mwaka mzima bila kukuonesha kasoro yake. Ukitoka Mjini kwenda Paje unapita Tunguu, unafika Jozani kwenye matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, na njia nzima kuna skuli, baiskeli na gari za ng'ombe. Mwendo ni hamsini, sitini. Halafu gari ile ile inapakiwa kwenye meli, inateremshwa Dar es Salaam, inashika barabara ya Morogoro, na baada ya Mlandizi dereva anakuta ameshika usukani asioujua.

Mimi ni dereva wa wageni, naendesha Noah kati ya uwanja wa ndege na mahoteli ya Nungwi na Paje. Jambo hili linanikera kwa sababu watu wanavuka na familia zao kwenda harusini na mazikoni bara, na gari hawajawahi kuijaribu kwa mwendo ule.

Mtoto wa kaka yangu alinipigia simu akiwa amesimama Chalinze, mke na watoto wamo ndani. "Shikamoo ami. Gari haitulii. Nikifika tisini usukani unatetemeka, nikipishana na lori inanivuta."

"Marahaba mwanangu. Rudi sitini, kaa kushoto, usishindane na mtu. Ukifika Morogoro nipigie picha maandishi yote ya kwenye mipira na kwenye rimu."

Picha zilipokuja, karibu kila kitu kilikuwa kimeandikwa pale. Toyota IST yake ilikuwa na mipira ya 185/65R15, yaani upana wa milimita 185, ubavu asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 15. Sasa imevaa 205/45R17. Kwa urefu wa gurudumu zima tofauti ni ndogo: la kwanza lina kipenyo cha milimita 621 na nusu, la pili 616. Aliyemuuzia alimwambia "saizi ni ile ile", na kwa hesabu hiyo hakudanganya. Lakini ukuta wa mpira, yaani ile sehemu ya ubavuni, umeshuka kutoka milimita 120 hadi 92, na upana umeongezeka milimita 20. Ukuta mfupi haulegei, unaitika haraka ukigusa usukani. Kwenye lami laini ni raha, na gari inakaa vizuri zaidi kwenye kona, sitaki kumdhulumu mtu haki yake. Ila barabara kubwa za bara zinapitwa na malori usiku na mchana, na mahali pengi lami imebonyea ikaacha mifuo miwili. Mpira mpana unapanda ukingo wa mfuo, unashuka, unapanda tena, na kila mara unauvuta usukani upande wake.

Hapo ndipo inapoingia namba ambayo wanunuzi wengi hawaitazami: ET, iliyochapwa kwenye rimu yenyewe. Ni milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale rimu inapokaa kwenye habu, kile kitovu cha gari kinachofungwa gurudumu. Ukitoa rimu ya ET 45 ukatia ya ET 25, gurudumu limetoka nje sentimita mbili. Ukiongeza spesa, lile bamba linalotiwa kati ya rimu na habu, linatoka zaidi. Vijana wanapenda, gari inaonekana imetanua miguu. Lakini gurudumu la mbele huzungukia mstari maalumu unapokata kona, na waliolitengeneza gari walipima gurudumu likae wapi kutoka kwenye mstari huo. Ukilisogeza nje, kila shimo, kila mfuo na kila breki isiyolingana inapata mkono mrefu zaidi wa kuuvuta usukani. Beringi za habu nazo zinabeba mzigo mahali ambapo hazikupangiwa. Kwa mwendo wa hamsini mikono yako inalifuta hilo bila hata wewe kujua. Kwa mia, huwahi.

Mtetemeko ni habari nyingine. Tundu la katikati la rimu za gari ndogo za Toyota kama IST ni milimita 54.1, linakaa juu ya habu bila kucheza. Rimu nyingi za madukani zina tundu la 73.1 ili ziingie gari za aina nyingi, na ile nafasi inayobaki inatakiwa ijazwe na ringi ya plastiki au alumini. Bila ringi, nati peke yake ndizo zinazoitafutia rimu katikati yake, na fundi akikaza upande mmoja kwanza gurudumu linakaa pembeni kidogo. Hata balansi ikiwa nzuri mashineni, juu ya gari linapiga.

Na mpigo huo haupandi sawasawa na mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Chukua gramu 20 tu za risasi ya balansi, kile kipande cha uzito, iliyobanduka kwenye ukingo wa rimu ya 17. Kwa kilomita 50 kwa saa zinavuta kwa nguvu isiyofika kilo moja. Kwa 100 ni kama kilo tatu na nusu, mara kumi na nne kwa sekunde. Ndiyo maana gari inayotulia Darajani inatikisika Chalinze.

Kuna na wale ambao hawakubadilisha chochote. Gari zetu nyingi zinatoka Japani, na zikipakiwa huko wakati wa baridi huja na mipira ya theluji. Tazama ubavuni: kama imeandikwa STUDLESS, ndiyo hiyo, na mara nyingi herufi ya mwendo ni Q, yaani mwisho kilomita 160 kwa saa. Raba yake imetengenezwa ibaki laini kwenye baridi. Kwa jua letu inalainika kupita kiasi, vipande vya kashata, ile raba iliyochongwa inayokanyaga barabara, vinapinda, na gari kwenye mwendo inakuwa kama unatembea juu ya godoro. Watu wanaona kashata bado ndefu wanafurahi. Mimi ningeitoa kabla ya bima ya kwanza.

Jambo moja nimebishana nalo na mafundi wengi Mwanakwerekwe: ukinunua mipira miwili mipya, iwekwe nyuma. Wao wanaiweka mbele kwa kuwa mbele huisha haraka. Lakini wakati wa masika, mpira uliokwisha kashata hauwezi kuyatoa maji, unaelea. Ukielea wa mbele, gari inakwenda moja kwa moja na unaachia mafuta. Ukielea wa nyuma, mkia unakupita, na si wengi wanaoweza kuirudisha.

Upepo pimeni asubuhi, mpira ukiwa baridi, kwa namba ya kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Zile zilizochapwa kwenye mpira ni za mwisho unaohimili.

Kijana wangu alirudi Unguja polepole, akaenda kwa fundi akatoa spesa alizokuwa ametia, akarudia 15 zake kwa ajili ya safari na kuzibakisha 17 kwa mjini, zikiwa na ringi. Nati nilimsimamia mwenyewe, maana za rimu za kiwandani za alumini za Toyota mara nyingi hukalia wosha bapa, na za dukani hutaka nati yenye koni. Ukizichanganya hazishiki hata ukikaza vipi. Na rimu ikishavuliwa na kuvalishwa, nati hukazwa tena baada ya kilomita hamsini au mia. Safari iliyofuata alisimama Mlandizi, akatoa spana, na nati mbili za kushoto zikazunguka kidogo kabla hazijashika.