Kifuniko cha sindano

Siku ya pili ya mafunzo ya kuturejesha kazini sisi wauguzi tuliokaa nyumbani miaka mingi, mwalimu aliniweka mbele ya mkono wa mpira uliofungwa mezani, akaniambia nichome sindano ya msuli. Nikachoma vizuri. Nilipitisha spiriti, nikangoja ikauke, nikaingiza sindano, nikasukuma dawa taratibu, nikatoa. Kisha, wala sikufikiri, mkono wa kushoto ukaokota kile kifuniko cha plastiki kwenye trei na wa kulia ukairudisha sindano ndani yake. Tik.

Darasa likanyamaza. Mwalimu, kijana ambaye angeweza kuwa mwanangu wa kwanza, hakunigombeza. Alisema tu: "Mama, umeshajichoma."

Sikuwa nimejichoma, lakini nilimfahamu. Hata zama zetu ilikuwa imekatazwa kurudisha kifuniko, na sote tulikuwa tukirudisha, kwa sababu wodi imejaa na kisanduku cha kutupia kiko mwisho wa ukumbi. Mwenzetu mmoja alijichoma hivyo hivyo usiku wa manane, sindano ikitoka kwa mgonjwa, akakaa miezi mitatu akingoja majibu ya kipimo cha virusi vya Ukimwi. Majibu yalikuja mazuri, alhamdulillah, lakini uso wake wa ile miezi mitatu sijausahau. Leo ukijichoma unakimbilia dawa za kujikinga na virusi hivyo mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72, na unazimeza siku 28. Nilikuwa nikiyajua yote hayo. Nilimuuguza mwenzangu kwa machozi. Na bado mikono yangu, baada ya miaka 14 nyumbani, ilikumbuka kifuniko kwanza.

Kabla ya kuanza nilidhani tabu yangu itakuwa usahaulifu. Sikusahau. Tabu yangu ilikuwa ni yale niliyoyakumbuka.

Nilimaliza masomo mwaka 1998, nikafanya kazi mpaka 2009. Mama yangu akapata kiharusi, upande wa kulia wote ukalala, na mimi ndiye mtoto wa kike wa karibu. Niliondoka kazini kwenda kumuuguza kwa mwaka mmoja, ikawa miaka tisa mpaka alipotangulia mbele ya haki. Hapo tena nilikuwa na wanangu wa skuli, na msimu wa karafuu ukifika nyumba haina mtu wa kukaa. Leseni ikapita muda wake ndani ya sanduku la nguo, imekunjwa mara nne.

Lazima niseme pia kwamba kabla ya mafunzo haya nilijaribu kurudi kwa njia ya mkato. Kuna kituo kimoja, sitokitaja, walinipokea kwa mikono miwili kwa kuwa walikuwa na upungufu wa watu. Karatasi tutazishughulikia baadaye, wakasema. Nikapewa koti na wodi ya watoto, zamu ya usiku, mimi na mhudumu mmoja.

Karibu na alfajiri akaletwa mtoto wa miaka miwili, homa kali, degedege, kipimo kinaonesha malaria. Wakati wangu hapo ningetundika dripu ya kwinini na kukaa nayo. Kabatini hakukuwa na kwinini. Kulikuwa na vichupa vidogo vya unga, artesuneti ya sindano, dawa ambayo sikuwahi kuishika maishani mwangu. Nilisimama chini ya taa nikisoma kijikaratasi chake, herufi ndogo kama mchanga, mama wa mtoto akiniangalia usoni. Unga wa miligramu 60, kwanza utie mililita 1 ya maji yake ya kuyeyushia, utikise mpaka yawe maangavu, kisha mililita 5 za dripu ya chumvi au ya sukari kama unapitisha kwenye mshipa. Na mtoto aliye chini ya kilo 20 anapewa miligramu 3 kwa kila kilo, zaidi ya mtu mzima kwa kilo, jambo ambalo lingenishinda kuamini kama nisingelisoma kwa macho yangu. Nikampigia simu rafiki yangu aliyeko kazini Unguja, nikamuamsha, akanisomea hesabu nami nikimrudishia. Mtoto alipona. Asubuhi nilivua koti nikalikunja, nikamkabidhi mkubwa wa kituo, nikamwambia sirudi mpaka nisomeshwe.

Alikasirika. Aliniona najidai. Mimi nasema yule mtoto alikuwa na haki ya nesi anayejua dawa aliyoishika, na mama yake alikuwa na haki hiyo hiyo.

Basi, mafunzo. Wiki sita, nusu darasani Chake Chake, hapa kwetu Pemba, nusu wodini. Tulikuwa saba, wanawake sita na mwanamme mmoja. Mmoja ametoka Mtambwe na huvuka mapema kila siku. Mmoja alikuwa Maskati, Omani, miaka minane akifanya kazi za ndani ya nyumba za watu, naye ni muuguzi mwenye cheti, mikono iliyowahi kuzalisha watoto ikawa inaosha vyombo. Huyo alilia siku ya kwanza alipovaa glavu. Hatukumuuliza kitu.

Tulivyovifumua ni vingi, nami nitasema vichache tu. Moyo ukisimama, sisi tulifundishwa kubonyeza kifua mara 15 kisha pumzi mbili, na kuanza na pumzi. Sasa ni 30 kwa mbili, unaanza na kifua, kina cha sentimita 5 zisizidi 6, kasi ya mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Ukijaribu kwenye yule sanamu ndipo utajua dakika mbili ni ndefu kiasi gani. Mabega yanawaka moto. Mtoto mchanga asiyelia, sisi tuliwaona wakunga wetu wakubwa wakimshika miguu kichwa chini na kumpiga nyayo. Hilo halipo. Unamkausha, unamsugua mgongo, na kama bado hapumui unampa hewa kwa barakoa na mfuko, yote ndani ya dakika ya kwanza. Chati ya uchungu wa uzazi, sisi tulihesabu uchungu umekolea mlango wa kizazi ukifunguka sentimita 4. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unaanzia 5. Sentimita moja tu, lakini hiyo moja ndiyo mwanamke mwengine anaambiwa umechelewa, uongezewe uchungu, hali ya kuwa mwili wake haujachelewa kitu.

Kilichonibakia kizima ni dripu. Mililita 500 kwa saa nne, seti ya matone 20 kwa mililita: matone elfu 10, ugawe kwa dakika 240, unapata kama 42 kwa dakika. Nilitoa jawabu kabla ya vijana hawajafungua simu zao. Hata hivyo mwalimu alinipa seti iliyopita muda nikaenda nayo nyumbani, nikatundika chupa ya maji kwenye msumari wa mlango wa jikoni, nikakaa na saa ya mume wangu nikirekebisha kile kigurudumu mpaka matone yakaja sawa. Wajukuu wa jirani wakakaa chini wakihesabu pamoja nami. Tulimaliza chupa nzima.

Na kuna kitu tulichokuwa nacho sisi saba ambacho vijana hawana. Tuliwahi kuiona malaria. Msimu wa masika, miaka ya mwisho ya tisini, watoto wawili kitanda kimoja, wengine kwenye mkeka chini, damu haitoshi, na klorokwini inamezwa tu bila ya kazi. Mwaka 2003 Zanzibar ikabadilisha dawa, ikaja ile ya mseto, kisha vyandarua na upuliziaji majumbani, na mimi niliyekuwepo niliona wodi ikipungua mwaka hadi mwaka kwa macho yangu. Kijana aliyeanza kazi juzi anaweza kukaa wiki asikutane na mgonjwa wa malaria hata mmoja. Ndio maana mtoto mwenye homa asije akaambiwa ni mafua bila ya kupimwa. Nililisema hilo darasani, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, na mwalimu akaniachia dakika ishirini za kipindi chake niwaeleze.

Ninachokitaka mimi kwa wanaopanga mambo haya ni kidogo. Mafunzo ya kurejea yasiwe semina ya siku mbili na soda. Yawe na wodi ndani yake, na nauli, kwa sababu mtu wa Micheweni, kaskazini ya kisiwa, hawezi kupanda gari kila siku wiki sita kwa mfuko wake. Na mwezi wa mwanzo kazini asiachwe peke yake usiku. Vijijini hapa Pemba utamkuta mwanamke aliyesomea uuguzi naye yuko ndani anapika. Majirani humgongea mlango usiku, na yeye hujibu kwa aliyoyajua zamani.

Wiki ya tano nilipangwa leba. Mkunga niliyekabidhiwa kwake ni binti wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, mtaji wa maneno yake mdogo. Siku hiyo kulikuwa na mzazi wa uzazi wa tatu, ametoka shamba, hakupiga kelele hata moja, amemshika mkwewe kidole tu. Mtoto akatoka saa sita na dakika kumi mchana, wa kiume, akalia papo hapo. Mkunga akamweka juu ya tumbo la mamake, akamkausha. Mkono wangu ukaenda kwenye mkasi.

"Bado, shangazi," akasema, wala hakuniangalia.

Nikaurudisha. Kitovu kilikuwa bado kinapiga, kinene, kimejisokota kama kamba ya mashua. Sisi tulikikata papo hapo, tukiona ndio usafi na ndio wepesi. Sasa hukikati kabla ya dakika moja kupita, damu ile ni ya mtoto. Nikachukua oksitosini, uniti 10, nikahakikisha hakuna mtoto wa pili tumboni, nikamchoma mzazi pajani. Aliniuliza, "Ni nini hiyo?" nikamwambia ni ya kuzuia damu isimwagike. Akaitikia kwa kichwa.

Tukasubiri, sisi watatu na mkwe, tukikitazama kile kitovu kikilegea taratibu. Kisanduku kilikuwa karibu na goti langu. Nikaitumbukiza sindano pamoja na bomba lake, na kifuniko kikabaki kwenye trei.