Kinanda cha "Blue" kimerudi!

Leo kwenye aerobiki mwalimu kaweka "I'm Good (Blue)" ya DJ David Guetta na mwimbaji Bebe Rexha. Kinanda kilipoanza tu mwili ukasisimka. Jamani, ile si "Blue" ya Eiffel 65, wale Waitalia wa Turin? Ilitoka 1998, mwaka uliofuata ikashika namba moja Uingereza.

Nimefika nyumbani nikavaa hedifoni, nikazisikiliza zote mbili kwa kufuatanisha. Kwenye ule wa zamani sauti ya Jeffrey Jey, mwimbaji wa Eiffel 65, imepitishwa kwenye mashine mpaka imekuwa kama ya roboti, anasimulia habari za jamaa ambaye kila kitu chake ni cha buluu na hana hata wa kumsikiliza. Watu tulikuwa tunaruka tu, kumbe mna upweke mle ndani! Rexha kauondoa wote. Kaja na maneno mapya na sauti iliyoshiba, ni usiku wa raha mwanzo mwisho. Guetta naye kaongeza besi nzito, lakini kinanda kakiacha kisikike vilevile, na hapo nampa heshima zake. Wengi wakirudia wimbo wa zamani wanaharibu kilekile kilichotufanya tuupende.

Na mashabiki ndio walioudai huu mpya: kipande chake kilizagaa TikTok 2022 kabla haujatoka rasmi, Agosti ukaachiwa, nao ukapanda hadi namba moja Uingereza.

Kwa kucheza nachukua huu mpya. Kwa kusikiliza peke yangu, nipeni wa 1998. Nyie je?