Kabaila wa Vigae na Sanduku la Mjomba

Sanduku la bati la marehemu mjomba lilikaa chini ya kitanda changu hapa Ng'ambo, Tabora, miaka miwili kabla sijalifungua. Nilijua kilichomo: vigae vya vyungu, jembe la chuma lililoliwa na kutu, kilindo cha magome kisicho na mfuniko. Mjomba alikuwa karani wa reli, na kila alikopelekwa kikazi alirudi na kitu mfukoni. Mkewe alikuwa akimuuliza, "Mzee wangu, vigae hivi vitaivisha mboga?"

Kilichonifanya nilifungue ni Mfaransa mmoja wa karne ya 18, mkusanyaji wa vitu vya kale, Comte de Caylus. Alizaliwa Paris mwaka 1692, kabaila kwelikweli. Mama yake alikuwa wa ukoo wa Madame de Maintenon, mke wa siri wa Mfalme Louis wa 14. Akaingia jeshini kijana, akaliacha mwaka 1714, akaanza kuzurura. Alipotaka kuyaona magofu ya Efeso, njia ilikuwa mikononi mwa majambazi. Basi akawakodi majambazi wenyewe! Akavaa nguo duni, hana cha kuibiwa, na ujira wakaahidiwa kulipwa akirudi mzima. Hapo nilicheka peke yangu usiku. Mjomba angempenda.

Wenzake wenye mali walishindania masanamu ya marumaru. Yeye hakudharau taa za udongo, misumari, vipande vilivyovunjika. Alivichapisha kwa michoro katika majuzuu saba, kati ya 1752 na 1767. La mwisho lilitoka yeye amekwishakufa; alifariki mwaka 1765. Majuzuu hayo yamo mtandaoni. Kifaransa sikijui, lakini michoro nimeitazama mpaka bando likakata. Nyumba yake ikijaa, alivikabidhi vitu kwenye hazina ya mfalme, akaanza kukusanya upya.

Alifadhili wasanii pia, na mwaka 1759 aliweka tuzo kwa wanafunzi wa sanaa watakaochora vizuri hisia za uso. Ila ufadhili wake ulikuwa na kero, maana aliyekupa mkate alitaka pia kukushika mkono unapochora. Mwandishi Mfaransa Diderot hakumpenda hata kidogo. Caylus alipokufa, alimtungia beti la kejeli.

Sasa sanduku. Juu kabisa nilikuta sarafu ya heller 20, ya mwaka 1916, yenye herufi T. T ni Tabora. Wajerumani walipozingirwa na vita, fedha kutoka kwao haiji, walizigonga hapahapa kwetu kwa shaba chakavu, yakiwemo maganda ya risasi. Wanunuzi wa leo hutafuta ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo. Mjomba alikuwa na hii ya shaba tu, na kingo zake hazikunyooka. Kwangu ndiyo nzuri zaidi. Unaiona haraka ya aliyeigonga.

Kila kitu kilikuwa kimefungiwa karatasi kwa uzi, kwa mwandiko ule wa kikarani. Na mimi, kwa akili zangu, nikazifungua karatasi zote kwanza ili nifute vumbi. Mbuzi wa jirani akaingia kwenye mahindi yangu. Niliporudi, upepo ulikuwa umepita barazani: karatasi huku, vigae kule. Karatasi moja inasema, "Urambo, tulipochimba choo, 1968." Kigae kipi? Vipo kumi na moja.

Jioni nikampigia mke wa mjomba, nikitegemea anicheke. Nikamweleza kimoja kimoja. Nilipofika kwenye chenye mistari kama nyayo za kuku, akanikatiza.

"Hicho ndicho cha Urambo. Nilimwagiza asali, akaniletea hicho."

Akanyamaza kidogo. "Na vile vingine njoo navyo Jumamosi, mwanangu. Usiviweke kwenye mfuko mmoja, vitagongana."