Mizani ya leo: kutuma viambatisho kwa amri moja kutoka Newala

Ijumaa

Msimu wa korosho umeshika kasi. Kila jioni karani akishafunga mzani, mimi nachukua jedwali la mizani ya siku na picha za stakabadhi, nazituma kwa mhasibu wa chama chetu cha msingi aliyeko Mtwara mjini. Kwa kivinjari kazi hiyo inanila saa nzima: ukurasa wa barua pepe unapakua mambo chungu nzima kabla sijaambatisha hata faili moja, na jioni mtandao ni mzito. Nataka barua iondoke yenyewe kutoka kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri.

Nimesakinisha mutt ya kuandaa barua na msmtp ya kuifikisha kwenye seva. Ndani ya .msmtprc, faili la mipangilio ya msmtp, nimeweka seva ya Gmail, mlango 587, TLS (usimbaji wa mawasiliano) imewashwa. Nywila ya kawaida haipokelewi. Unawasha kwanza uthibitisho wa hatua mbili, halafu unatengeneza nywila ya programu yenye herufi 16. Faili la mipangilio nimelifunga kwa chmod 600, nilisome mimi tu, maana kompyuta ya ofisi tunaitumia watu watatu.

Jumamosi

Barua tupu imefika. Yenye kiambatisho imegoma: mutt inadai haiwezi kuambatisha faili, na jina la faili inalolitaja ni anwani ya mhasibu! Nimehangaika nayo hadi adhuhuri. Kumbe baada ya -a, alama ya kuambatisha, mutt huhesabu kila kinachofuata kuwa ni faili, mpaka ikutane na vistari viwili vinavyosimama peke yake:

`mutt -s "Mizani ya leo" -a mizani.csv picha/*.jpg -- anwani < maelezo.txt`

Vistari hivyo ndivyo vinavyosema faili zimeisha, sasa anakuja mpokeaji. Na anayetumia amri ya mail badala ya mutt awe macho: kwenye bsd-mailx, -a huongeza kichwa cha barua, haiambatishi kitu. Kwenye mailutils ya GNU kiambatisho ni -A, herufi kubwa.

Jumatatu

Picha za stakabadhi zilikuwa MB 19. Kikomo cha Gmail ni MB 25, kwa hiyo nilituma bila wasiwasi. Seva ikarudisha 552, barua kubwa mno. Bando limekwenda na barua haikufika.

Sababu yake imenifurahisha kuijua. SMTP ya mwaka 1982, njia ya kusafirisha barua pepe, ilitengenezwa kubeba maandishi matupu. Nathaniel Borenstein na Ned Freed walipoandika MIME mwaka 1992, kanuni za kubeba viambatisho, hawakuvunja njia hiyo. Picha inageuzwa kwanza kuwa maandishi kwa base64, kila baiti 3 zikawa herufi 4. Yaani mzigo unavimba kwa theluthi moja, na ukijumlisha alama za mwisho wa mistari, MB 19 zangu zilishafika 26 hivi. Tangu leo nahesabu MB 18 kuwa mwisho wangu.

Picha nazipunguza kwa mogrify, amri ya kubadili picha, upana pikseli 1600, na kilo bado zinasomeka hata kwenye nakala hafifu ya kaboni. Weka -path na folda nyingine, la sivyo itaandika juu ya picha halisi.

Jumatano

Amri nimeiweka kwenye cron, programu inayoendesha kazi kwa saa iliyopangwa, barua iondoke saa kumi na mbili jioni. Saa saba mchana mjomba, ambaye ndiye katibu, akapiga simu: "Mjomba, mhasibu anauliza mbona magunia ya mchana hayamo?" Niliandika 12 kwenye sehemu ya saa, na 12 ya cron ni saa sita mchana. Saa kumi na mbili yetu ya jioni ni 18. Nimerekebisha: `0 18 * * *`, yaani dakika 0, saa 18, kila siku.

Alhamisi

Mvua imeanza saa kumi na moja, mtandao ukapotea. msmtp haihifadhi barua iliyoshindwa kuondoka, basi mchana nilikuwa nimeshaizungusha amri ndani ya until, kitanzi kinachorudia mpaka ifanikiwe, ikishindwa isubiri sekunde 300 ijaribu tena. Nimekaa na kandili nikiangalia faili la kumbukumbu. Mistari mitatu ya kushindwa. Kwenye saa kumi na mbili na robo ukatokea wa nne, mwishoni umeandikwa exitcode=EX_OK, yaani imefanikiwa. Mhasibu amejibu kwa ujumbe mfupi: magunia yote yamo.